Mwamuzi Aliyefunika Macho

Ukitaka kumjua Bi Rokhilah wa Lawatan, usianze na sura, maana sura yake ni ya kawaida tu, ya mwalimu wa michezo aliyekaangwa na jua la uwanja wa shule kwa miaka mingi. Anza na macho. Yule mama alikuwa na macho ya kutisha. Sindano ikipotea kwenye mkeka, huitwa yeye. Mwanafunzi akichungulia karatasi ya mwenzake, hutajwa jina kabla shingo haijarudi mahali pake. Mumewe, Wasroni, alikuwa akijisifia macho hayo mtaani utadhani ndiye aliyemtengenezea.

Na Wasroni alikuwa mtengenezaji kweli, ila wa vinyoya vya badminton, kama nusu ya watu wa kitongoji kile cha mji wa Tegal, Indonesia. Uani kwake manyoya ya bata huoshwa, huanikwa, hupangwa kwa urefu, kisha huchomekwa moja moja kwenye kizibo. Manyoya yako kwenye wali, yako kwenye mito ya kulalia, yako kwenye nywele za bibi harusi siku ya harusi yake. Mtu wa Lawatan hajifunzi badminton. Anaikuta nyumbani kama alivyomkuta mama yake.

Bi Rokhilah alicheza ujanani, akaona mapema kwamba raketi haitamfikisha popote. Kilichomfikisha ni kiti. Alisomea uamuzi wa mstari, akapata cheti, na tangu hapo kila mashindano makubwa yanapofanyika Jakarta huomba ruhusa shuleni, huvaa koti la waamuzi na kupanda treni, aende akakae kwenye kona ya uwanja kuutazama mstari mmoja mweupe kama mtu aliyebandika maziwa jikoni.

Kazi yenyewe ina ishara tatu tu. Kinyoya kikianguka nje, unapaza sauti "Nje!" na kunyoosha mikono pande zote mbili. Kikianguka ndani, unanyamaza na kuuonyesha mstari kwa mkono. Ishara ya tatu hakuna anayeipenda. Kama hukuona, unafunika macho yako kwa viganja viwili mbele ya umati mzima, ili refa na dunia yote wajue kwamba uliwekwa pale uone na hukuona.

Bi Rokhilah hakuwahi kuyafunika. Na tusimsitiri, alikuwa na kiburi juu ya jambo hilo. Zamani, kwenye mashindano ya Semarang, mwenzake mmoja aliyeitwa Tarmuji, karani wa posta kutoka Brebes, aliyafunika macho mara moja tu. Wakati wa chakula cha mchana Bi Rokhilah akamtia jina: Kipofu wa Posta. Watu walicheka hadi wakapaliwa na wali. Kwa watu wa upande ule jina la utani likishakuganda, unazikwa nalo. Mpaka leo ukiuliza Brebes nyumba ya Tarmuji iko wapi utazungushwa, lakini ukimuuliza Kipofu wa Posta, hata mbuzi watakuonyesha.

Sasa basi, mwaka ninaousimulia, mashine za kupima mistari zilikuwa bado hazijaletwa. Jicho la mtu ndilo lililokuwa na neno la mwisho. Yalikuwa mashindano makubwa ya kimataifa, kwenye ukumbi wa Istora, na fainali ya wanaume wawili wawili ikawakutanisha vijana wa nyumbani, Bima Sasongko na Yosafat Liando, na Wamalaysia, Azrul Hakimi na Tan Wei Shun. Wamalaysia, jamani! Wangekuwa watu wa Denmark, mtu angefungwa, akaenda zake kula, akalala. Lakini kufungwa na jirani unayegombana naye hadi juu ya nani alianza kuvaa batiki, hapo chakula hakipiti.

Orodha ya waamuzi ilipotoka, Bi Rokhilah alikuwa amepewa mstari wa nyuma. Ilikuwa fainali yake ya kwanza ya namna ile. Mchana Wasroni akapiga simu, na nyuma yake kelele za watu zilisikika kama sokoni.

"Rokhi, mtaa mzima uko kwangu. Televisheni tumeitoa uani."

"Mmewapa watu chai?"

"Chai wamekunywa. Sikiliza, mke wangu. Leo kitu kikikaribia mstari, kumbuka wewe ni mtu wa wapi."

"Nitakumbuka mimi ni mwamuzi, Baba Ulfa."

"Hayo hayo. Ila uamuzi wenyewe uwe wa kwetu kwetu kidogo."

Akakata simu. Lakini maneno yale yalimkaa, kwa sababu Wasroni hakuwa akitania hata kidogo.

Istora ikijaa, huwezi kusikia hata mawazo yako. Kila kijana wa nyumbani akipiga, watu elfu nane wanapiga ukelele mmoja, "Eaaa!", akipiga tena, "Eaaa!", na kati ya pigo na pigo wanagonganisha maputo marefu ya plastiki hadi sakafu inatetema chini ya viti vya waamuzi. Bi Rokhilah alikaa wima, mikono juu ya magoti, macho mstarini. Seti ya kwanza walichukua vijana wa nyumbani. Ya pili wakachukua Wamalaysia. Ya tatu ikaenda pointi kwa pointi, mpaka vijana wa nyumbani wakafika ishirini na wenzao kumi na tisa. Pointi moja, na kombe linabaki Jakarta.

Bima akaanzisha. Kinyoya kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Azrul, alipobanwa wavuni, akakiinua juu kabisa, kikapaa hadi kwenye taa na kuanza kushuka kuelekea kona ya nyuma, kona ya Bi Rokhilah. Bima akarudi kinyumenyume mbio, raketi juu, kisha dakika ya mwisho akaamua kukiacha. Akajipinda, goti lake likaja mbele, akapiga ukelele, "Nje!"

Na ukumbi mzima ukalipuka. Yosafat alishapiga magoti na kuinua mikono. Maputo yalishaanza kurushwa hewani. Kombe lilishachukuliwa tayari, limebaki neno moja la mama mmoja wa Lawatan.

Na yule mama hakuona. Pale kinyoya kilipogusa sakafu, alichokiona yeye ni goti la Bima, na kaptura yake nyekundu, basi. Njia ilipomfungukia tena, kinyoya kilikuwa kimelala kinabingirika, na kinyoya kinachobingirika hakisemi kilianguka wapi. Moyo wake ulisema nje. Alitamani kiwe nje kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote tangu mwanawe Ulfa azaliwe. Refa alikuwa amemgeukia. Wasroni alikuwa akimwangalia kutoka uani, na mtaa mzima nyuma yake. Mikono ya Bi Rokhilah ilianza kunyooka pembeni, kweli ilianza. Kisha akaiona inapinda, inapanda, na viganja vyake mwenyewe vikamfunika macho.

Kule gizani nyuma ya viganja alisikia sauti ya watu elfu nane inageuka. Ilianza kwa mshangao, ikawa kuzomea, na kuzomea kule kulikuja na chupa tupu iliyompita sikioni. Refa, ambaye naye hakuona, akatangaza pointi irudiwe. Ikarudiwa. Tan akamalizia wavuni, ishirini kwa ishirini. Wamalaysia wakachukua na mbili zilizofuata. Azrul Hakimi akajilaza chali sakafuni akilia kwa furaha, na Bi Rokhilah akabaki kwenye kiti chake mpaka alipoambiwa ainuke.

Kwenye chumba cha waamuzi hakuna aliyemsogelea isipokuwa Bi Ning, mwamuzi wa Surabaya waliyezoeana naye.

"Ungesema nje tu, dada. Nani angekuuliza?"

"Sikuona, Ning."

"Watu elfu nane waliona."

"Basi wangekuja kukaa kwenye kiti changu," akasema Bi Rokhilah.

Kesho yake kwenye treni alivaa koti lake nje ndani, nembo isionekane. Mbele yake alikaa mama mnene mwenye mfuko wa karanga za kuchemsha, na huyo mama, hata treni haijatoka vizuri stesheni, akaanza.

"Umemwona yule mpumbavu wa jana, yule aliyefunika macho? Mimi ningekuwa mumewe, asingekanyaga kwangu."

"Nilimwona."

"Kwenye televisheni?"

"Mama, ni mimi."

Yule mama akamkazia macho. Akaacha kutafuna. Mpaka stesheni ya Cirebon akawa anatazama mashamba ya mpunga tu. Kisha akasogeza mfuko wa karanga katikati.

"Lakini kweli hukuona?"

"Sikuona."

"Hata kidogo?"

"Goti tu, mama. Goti la mtu."

"Haya, kula karanga," akasema yule mama. Wakala mpaka Tegal.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Wasroni alimpokea mzigo mlangoni, akaubeba ndani, akarudi kuchagua manyoya kama mtu anayedaiwa na manyoya hayo. Baada ya chakula akashindwa kujizuia.

"Neno moja tu, Rokhi. Nje. Hata mimi hapa nyumbani niliona."

"Uliona goti la Bima, Baba Ulfa. Nimeutazama mkanda. Hata kamera iliona goti la Bima."

"Sasa mimi nitawaambia nini watu?"

"Waambie mkeo hakuona."

"Miaka yote nawaambia unaona!" akasema Wasroni, na hapo Bi Rokhilah akaelewa kwamba mumewe hakuwa na hasira tu, alikuwa ameumia.

Jina halikuchelewa. Safari hii hakuna hata aliyehangaika kulitunga, lilikuwa la ishara tupu. Muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, akipita na baiskeli, anaachia usukani na kufunika macho. Vijana wa kijiweni wakimwona, viganja usoni, wote kwa pamoja, kama wamefanya mazoezi. Shuleni alikuta darasa zima limeinamisha vichwa na mikono machoni, na mwalimu mwenzake akicheka dirishani. Bi Rokhilah, aliyemzika Tarmuji akiwa hai, sasa alijua lile shimo lina kina gani. Jioni moja akapanda basi mpaka Brebes kumwomba radhi. Tarmuji alimkaribisha kwa chai, akacheka sana, akasema, "Utazoea, dada. Mimi nilizoea mwaka wa tisa." Haikuwa faraja kubwa.

Koti akalikunja, akalitia chini kabisa ya kabati. Walipompigia kutoka Jakarta kumwita kwenye mashindano mengine, akasema mgongo unamsumbua. Mgongo wake ulikuwa mzima kama mgomba. Aliyekuwa mgonjwa ni mtu ambaye kitu pekee alichokuwa akikiweza duniani kiligeuka kichekesho, na hakujua kama alikuwa tayari kukifanya tena hata siku moja.

Mwezi wa Agosti ukafika, mwezi wa uhuru, bendera nyekundu na nyeupe kila mlango, na Lawatan ikajiandaa kwa vita vyake. Naviita vita kwa makusudi. Kila Agosti mtaa wa juu hupambana na mtaa wa chini kwenye uwanja uliochorwa kwa chokaa kati ya msikiti na karakana ya Wasroni, na desturi ni kwamba kila upande hutoa mwamuzi wake wa mstari. Mwamuzi huyo hakai pale kuona. Anakaa pale kuutetea mtaa wake. Kinyoya kikianguka hata karibu na kisima, wa juu anasema ndani, wa chini anasema nje, kisha unafuata ugomvi ambao ndio watu wanaousubiri kwa hamu. Mwaka mmoja mistari ilisababisha ndugu wawili wasialikane kwenye hitima ya baba yao. Na hodari wa kazi hiyo kwa mtaa wa juu, mwaka nenda mwaka rudi, alikuwa Wasroni. Alikuwa na koo la kazi.

Mwenyekiti wa mtaa alimwomba Bi Rokhilah akae mstarini mwaka ule. Akakataa. Akaomba apewe karai la mafuta, akakae pembeni akaange tempe za kuuza kwa watazamaji, ampe mgongo mtu yeyote anayetaka kufunika macho. Basi Wasroni akakaa kwenye kiti chake cha plastiki upande wa juu, na ng'ambo yake akakaa Casmadi, fundi pikipiki, mwamuzi wa mtaa wa chini, tayari ameshakunja mikono ya shati.

Mpambano wa mwisho ukafika mahali pabaya. Mtaa wa juu, waliokuwa hawajashinda tangu msikiti upakwe rangi, walibakiza pointi moja. Wachezaji wao walikuwa Haji Mukhidin na mpwa wake, na Haji Mukhidin ni mtu wa tumbo. Mtaa wa chini wakakiinua kinyoya nyuma. Haji akakikimbilia, kandambili ikamponyoka, akateleza, akaanguka mzima mzima mbele ya kiti cha Wasroni, na kinyoya kikashuka mahali fulani ng'ambo ya Haji.

Mtaa wa juu wote ukamgeukia Wasroni, midomo wazi tayari kushangilia. Casmadi alishainuka na kuvuta pumzi ya ugomvi. Bi Rokhilah, mwiko mkononi, hata hakugeuka, maana sauti ya mumewe aliijua na alijua itasema nini.

Sauti haikuja. Akageuka.

Wasroni alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, viganja viwili machoni.

Watu wakacheka kwanza. Kijana mmoja akapiga mluzi. "We Baba Ulfa! Leo ndiyo siku ya kumtania mkeo?"

"Simtanii mtu," akasema Wasroni, bado kafunika macho. "Sikuona. Haji kaniangukia mbele na mwili wote ule, ningeona nini? Sikuona, bwana. Rudieni."

Kicheko kikakatika. Haji Mukhidin, pale chini alipolala, akageuza kichwa kutazama nyuma yake, kama anayetafuta wa kumlaumu, asimpate. Casmadi alibaki na pumzi yake kifuani, hana pa kuipeleka. Ugomvi unahitaji watu wawili, na mmoja wao alikuwa amekaa pale mbele ya mtaa mzima akikubali kwamba hakuona. Casmadi akamtazama Wasroni, akatazama kule kwenye karai, akajikuna kisogo.

"Mwenyekiti," akasema, "sisi mtaa wa chini tunabadilisha mwamuzi."

"Mnamtaka nani?"

"Tunamtaka Bi Rokhi."

"Wewe una akili?" akaruka mpwa wa Haji. "Bi Rokhi ni wa kwetu, wa juu!"

"Najua ni wa kwenu. Huyu mama watu elfu nane walimzomea, wakamrushia chupa, na hakutupatia sisi Waindonesia kitu ambacho hakukiona. Atawapa nyinyi?" Kisha akamgeukia Bi Rokhilah mwenyewe, akapunguza sauti. "Mama, njoo ukae kwenye kiti changu. Tafadhali."

Bi Rokhilah alilia. Hakujificha na hakuna aliyecheka. Alilia akiwa ameshika mwiko unaotiririka mafuta, akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akasema kwa sauti ya mwalimu, "Na tempe zangu nani ataziangalia?"

"Mimi," akasema Casmadi, akaupokea mwiko.

Alipovuka uwanja alisimama mbele ya mumewe, ambaye sasa alikuwa ameshusha mikono na hajui aiweke wapi. Watu walingojea wasikie atamwambia nini.

"Kiti chako kimekaa vibaya, Baba Ulfa," akasema. "Sogea nyuma hatua moja, uwe sawa na mstari. Mtu akianguka tena utaona."

Wasroni akainuka, akakisogeza kiti. Bi Rokhilah akaenda kukaa kwenye cha kwake, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, macho mstarini. Pointi ikarudiwa. Haji Mukhidin, kandambili zikiwa zimevuliwa kabisa safari hii, akajitupa mbele na kupiga kwa nguvu zake zote, na kinyoya kikapita wavu kikishuka kwa kasi kuelekea kona ya Bi Rokhilah.

"Nje!" akasema Bi Rokhilah, na mikono ikanyooka pande zote mbili.

Haji Mukhidin akamtazama, akautazama mstari, akaenda kuokota kinyoya.